Muulize Sista: "Nataka kumtunza mwalimu alonipa kisu, wenzangu wananikataza"

Assalamu alaikum na salamu kwa wasomaji wote, wa kisiwani, wa Likoni, wa Kisauni na nyinyi mlioko mbali mnaotusoma kwa simu. Mwezi huu barua nyingi ni za daktari na thieta, yaani chumba cha upasuaji, nafkiri ni kwa sababu toleo lililopita nlisema kidogo kuhusu kazi yangu ya zamani. Kwa wale wageni, mimi ni sista mstaafu, yaani nesi, nimesimama thieta miaka 29 hapa hapa Mombasa, mingi katika hiyo nikiwa upande wa mifupa, kwa hivo haya ya leo siyasemi kwa kuskia.

SWALI

Shikamoo Sista. Mimi ni rejista, yaani daktari anaesomea ubingwa, wa upasuaji wa mifupa, nimebakisha mwaka mmoja nimalize inshallah. Kwenye programu yetu wasichana tuko watatu tu. Tuna mwalimu wetu mmoja, mzee wa miaka sitini hivi, anastaafu mwezi wa kumi na mbili, na kusema ukweli bila yeye ningeshaacha zamani nikaenda zangu kwengine. Yeye ndo alonipa kisu mara ya kwanza akahamia upande wa pili wa meza akashika retrakta yeye mwenyewe. Nimeskia huko Marekani vyama vya madaktari wanawake wapasuaji huwa vinatoa tuzo kwa wanaume waliowashika mkono wanawake wakawafundisha, nikawaambia wenzangu na sisi tufanye yetu hapa. Mmoja kakataa katakata, ati mwanamume apewe tuzo kwa kazi ambayo analipwa, na sisi tunaopasua na mimba ya miezi minane nani katupa tuzo, halafu mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwengine anaogopa maneno ya watu, watasema kuna kitu baina yetu na mzee. Mume wangu yeye anasema nifanye. Sasa nimekwama, je ni sawa kumtunza, na kama ni sawa tumtunze vipi?

Rejista wa Mifupa, Tudor

JIBU

Marahaba mwanangu, Mungu akujaalie umalize salama. Nimeisoma barua yako mara tatu na pale uliposema mzee alihamia upande wa pili wa meza akashika retrakta, pale nlisimama kidogo, mana mtu ambaye hajafanya kazi thieta hawezi kujua uzito wa hilo neno.

Ntawaeleza wasomaji. Kwenye meza ya upasuaji kila upande una maana yake. Anayepasua anasimama pale mkono wake unapofika kidonda vizuri, msaidizi anasimama ng'ambo anavuta nyama na retrakta ili mwenziwe aone, na sista wa skrabu yuko na vyombo vyake. Anayejifunza anaanzia kwa kushika retrakta, masaa na masaa, mkono unakufa ganzi. Baadae anaruhusiwa kukata nyuzi. Baadae anashona ngozi pale mkubwa ashavua glavu yuko kwenye chai. Halafu anafungua, anatoboa mfupa, anapiga msumari wa kushikilia mfupa, na siku moja mkubwa anamwambia leo kesi ni yako mimi ntakusaidia. Hiyo ngazi kila mpasuaji ameipanda. Ninachokijua mimi, nlichokiona kwa macho yangu, ni kwamba wavulana walikuwa wanaipanda na wasichana walikuwa wanakwama pale kwenye kushona ngozi. Hakuna mtu alosema hapana, hakuna barua iloandikwa, ila tu kila ikifika kesi nzuri utaskia "wewe njoo hapa" na anaeitwa ni kijana wa kiume, na msichana anasogea nyuma na mwaka unapita.

Miaka ya tisini, hospitali sitaitaja, nlimuona msichana mmoja hodari sana, mkono mwepesi, fundo zake zinakaa, aliambiwa mbele yetu sote kwamba mifupa si kazi ya wanawake aende akazalishe. Hakulia. Alimaliza kufunga bandeji akatoka, na wiki ile ile akaandika barua ya kuhama. Sisi masista tulinyamaza. Na wale madaktari wengine wanaume, watu wazuri, watu wa swala tano, wenye mabinti wao shule, walinyamaza pia. Mpaka leo nikikumbuka moyo wangu unauma, na ndo sababu sitaki kabisa mzee wako aondoke kimya kimya kama vile alofanya ni jambo la kawaida. Halikuwa la kawaida.

Sasa tuje kwa mwenzako na hiyo methali yake ya mgema. Nakubali ni ya kweli, nshaona watu wakisifiwa wakaharibika. Lakini hao hao wazee walotuachia ya mgema ndo walosema mcheza kwao hutunzwa. Na hebu fikiria kutunza kwetu huku pwani ni nini, mtu akicheza vizuri ngomani unatoka ulipokaa, unakwenda mbele za watu, unamtia pesa mkononi au unambandika kwenye paji la uso, na kila mtu anaona. Hakuna anayetunza kwa siri gizani. Yule anaetunzwa anafurahi, ndio, lakini walioko pembeni nao wanajifunza hapo hapo kwamba huku ndiko kucheza kunakotakiwa. Kwa hivo mimi nikifikiria tuzo ya mzee wako simfikirii yeye sana, manake yeye anastaafu, tembo atalitia maji wapi tena. Nawafikiria wale madaktari wa miaka arobaini watakaokuwa wamekaa kwenye viti siku hiyo, ambao ndo kwanza wameanza kuwa wakubwa na wao ndo watakaoamua miaka ishirini ijayo nani ashike kisu.

Na hesabu iko wazi. Kuna utafiti ulotoka 2016 wa nchi 10 za ukanda wetu huu wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika, walihesabu wapasuaji wote wakapata 1,690, na wanawake walikuwa asilimia 9 tu. Yaani kama 150 hivi kwa nchi kumi nzima, hawajai hata mabasi manne ya kwenda Nairobi. Wapasuaji wenyewe hawatoshi, hesabu ilikuwa hawafiki hata mmoja kwa kila watu 100,000. Hizo ni hesabu za wakati ule, lakini ukitazama hapo utaona visu viko mikononi mwa nani, na kwa hivo anaeweza kumpa msichana kisu leo, mara nyingi ni mwanamume, hakuna njia nyengine mpaka nyinyi muwe wengi.

Lakini huyo mwenzako usimpuuze, ana haki kubwa na mimi niko naye kwenye jambo moja. Ikiwa sherehe itakuwa ni hadithi ya mzee mwema alowafanya wasichana wawe madaktari, basi bora msifanye. Nyinyi mmejifanya wenyewe. Mwanamke wa kwanza kuingia kwenye ushirika wa chuo cha wapasuaji cha Uingereza, Eleanor Davies-Colley, alipita mwaka 1911, na chuo chenyewe kilikuwa kimeshapewa hati yake tangu 1800. Mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chuo hicho, Clare Marx, aliingia 2014, na alikuwa mpasuaji wa mifupa kama wewe. Hesabu mwenyewe, miaka 103 baina ya mlango na kiti. Na huko Marekani, chama cha wapasuaji wa mifupa kilipoanzishwa 1933 Ruth Jackson alikuwa anaifanya kazi hiyo hiyo na hakualikwa, mpaka alipofanya mtihani wa bodi akapasi 1937 ndo akawa mwanamke wa kwanza kuingia. Wanawake wapasuaji wa mifupa wa huko walipounda jumuiya yao 1983 waliiita kwa jina lake. Kwa hivo siku ya sherehe anzeni na nyinyi wenyewe. Yule alopasua na mimba ya miezi minane asimame wa kwanza, aseme, apigiwe makofi na vigelegele, watu wamjue. Mzee aje baada yake. Kama ni mzee wa kweli hatachukia kuwa wa pili, na kama atachukia basi mwenzako alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Sasa la kumtunza vipi, hapa ndo naomba unisikilize vizuri. Usimuite mtu jukwaani ukasema "alituunga mkono sana, ni baba kwetu, Mungu ambariki" halafu mkakata keki. Maneno hayo anaambiwa kila mtu anaestaafu, hata alokuwa anatukana. Semeni alichofanya kwa mikono yake, kimoja kimoja, ili alokaa kwenye kiti asikie aseme loo kumbe na mimi hiki naweza. Mimi sikumjua mzee wako lakini nawajua wawili watatu wa aina yake na ntakutajia nilichokiona kwao.

Mmoja aligundua kwamba stoo ya hospitali inanunua glavu namba saba na nusu na nane peke yake. Msichana mwenye mkono wa namba sita akivaa nane, ncha za vidole zinabaki zimekunjika, fundo anafunga na mpira badala ya uzi, halafu inasemwa hana mkono mzuri. Yule daktari alikwenda stoo mwenyewe akakaa pale mpaka ikaandikwa oda ya sita na sita na nusu. Jambo la dakika ishirini. Hakuna mwengine alokuwa amelifikiria kwa miaka mingi, hata sisi masista, na sisi mikono yetu midogo vilevile.

Mwengine, kabla ya kukata, ile orodha ya usalama ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ilotoka 2008 inataka kila mtu thieta aseme jina lake na kazi yake. Watu wengi wanaipitia mbio mbio. Yeye alikuwa anamwacha rejista wake wa kike aseme "mimi ndo mpasuaji wa leo", halafu yeye anasema "na mimi ni msaidizi wake", kwa sauti ambayo mpaka anaesukuma machela anaskia. Na wodini pia, mgonjwa akimuita yule msichana "sista" na akamuita nesi wa kiume "daktari", jambo ambalo latokea kila siku ya Mungu, alikuwa anasema kwa upole tu, baba, daktari wako alokutengeneza mguu ni huyu. Mimi nlikuwa sista na najivunia kuitwa sista mpaka leo, lakini kila mtu aitwe kwa kazi yake.

Wa tatu alimuona rejista wake anaevaa hijabu anahangaika. Kuskrabu, yaani kunawa kabla ya upasuaji, lazima mikono iwe wazi mpaka kwenye viwiko, na kichwa kifunikwe na kitu safi cha thieta si mtandio wa kutoka nyumbani. Yeye hakuanza kuuliza mambo ya dini wala hakutoa hotuba, alimuuliza tu "unahitaji nini ili ufanye kazi yako kwa raha", akaandika zinunuliwe zile kofia ndefu za thieta za kutupa ambazo zinafunika kichwa mpaka shingo, na akasema pale pa kuskrabia kuwekwe pazia. Vikawekwa. Wasichana wanne walokuja baadae wamekuta viko, hata hawajui ni nani aliviomba.

Na aproni ya risasi, ile nzito ya kujikinga na eksirei, hii ni muhimu kwenu watu wa mifupa na isiwe ya mzee tu, muidai wenyewe. Nyingi zimekatwa kwa kifua cha mwanamume, kwapani zinaacha mwanya mkubwa, na hapo pembeni ndipo penye sehemu ya ziwa. Ukiinua mkono kupiga drili unazidi kujianika. Zipo zenye mikono na zipo vikinga vya kwapa vya kuongezea, na mwenye mimba ana haki ya kipimo chake cha miale cha kuvaa ndani ya aproni. Mwalimu anaejali anauliza haya kabla mashine haijawashwa.

Lakini la mwisho ndo kubwa kuliko yote na nyinyi hamkuliona kwa sababu hamkuwepo. Ni kile alichokisema kwenye vikao. Pale majina yanapopangwa nani aende mafunzo ya msumari, nani apewe kesi ngumu, nani abakishwe kazini, mtu akasema "huyu ataolewa huyu, atazaa, tutampoteza", nani alifungua mdomo? Nenda kaulize wakubwa walokaa naye. Ukipata hata kisa kimoja cha namna hiyo basi kisimulie siku hiyo, yeye mwenyewe hatakusimulia kamwe.

Na zawadi yenyewe, mimi nina wazo langu. Kila mwanafunzi wa upasuaji ana logibuku yake, kila kesi imeandikwa, hii nlisaidia, hii nilifanya nikisimamiwa, hii nilifanya mwenyewe. Watafuteni wasichana wote walopita mikononi mwake, wa zamani na wa sasa, kila mmoja ahesabu kesi alizofanya yeye kama mpasuaji na mzee akiwa msaidizi au msimamizi. Majina ya wagonjwa yasiguswe kabisa, ni hesabu tu, mapaja mangapi, miundi mingapi, nyonga ngapi. Jumlisheni. Andikeni namba hiyo kwa hati nzuri, tafuteni fundi wa fremu pale mjini, mumpe. Kofia nzuri ya kushonwa kwa mkono mvisheni pia, na mkewe mfungieni leso mbili za maana, manake usiku wote alokaa kwenu thieta kuna mtu alikuwa anamngoja na chakula kinapoa. Lakini ile fremu ndo tuzo, na kijana yeyote anaetaka ya kwake atajua ni namba gani anatakiwa aijaze.

Kuhusu maneno ya watu. Fanyeni pamoja, si wewe peke yako, na wavulana alowafundisha waalikeni nao waseme. Mkewe na wanawe wakae mbele. Mchana, ukumbini, si chakula cha usiku mtu wawili watatu. Jambo likiwa kweupe hivo mwenye maneno atachoka. Na kabla hamjatangaza chochote, wewe na wenzako pigeni simu kimya kimya kwa kila msichana alopita kwake, hata wale waloacha, hasa wale waloacha. Waulizeni kama kuna jambo lolote liliwakera kwake. Hii si kumshuku mzee, ni kumlinda yeye na kulinda tuzo yenu, kwa sababu hakuna kinachoumiza kama mtu kumuona alomnyanyasa anavishwa kofia. Tuzo ya namna hii wanaopaswa kuichagua ni wale wanawake wenyewe, si bodi wala mkurugenzi.

Mumeo mpe salamu zangu, amenifurahisha.

SWALI

Sista salaam. Mimi ni mpasuaji, nina miaka 46. Wanafunzi wa kiume huwa nakunywa nao kahawa jioni, tunajadili kesi, nikienda kliniki za Kilifi nawapakia kwenye gari njia nzima tunazungumza kazi. Wa kike nawaheshimu sana ila naogopa, dunia ya leo neno dogo linakuharibia jina na ndoa, kwa hivo nawafundisha wakati wa raundi ya wodini tu. Nafanya vibaya?

Daktari, Nyali

JIBU

Daktari wangu, nakushukuru kwa kusema wazi, wenzio wengi wanafanya hivo hivo na hawaulizi. Ndio, unafanya vibaya, ingawa najua nia yako si mbaya. Kwenye raundi unafundisha kile ambacho kila mtu anakijua. Yale mengine, kwa nini ile kesi ilikwenda mrama, nani ana nafasi hospitali gani, mtihani unataka nini, hayo unayamwaga kwenye kahawa na garini, na wasichana wako hawapo. Mwisho wa miaka mitano kijana amepata walimu wawili, yule wa wodini na yule wa barazani, na msichana amepata mmoja. Halafu itasemwa wavulana wana akili zaidi.

Si lazima umpakie msichana peke yake usiku kwenda Kilifi, na yeye pia hataki. Hamisha kahawa. Iweke saa moja asubuhi chumba cha chai cha thieta, mlango wazi, aje atakae, masista watakuwepo wakiingia na kutoka. Gari wachukue wanafunzi wawili au watatu kwa zamu iloandikwa ukutani. Kitu ambacho huwezi kumfanyia msichana usimfanyie mvulana pia, ukijiwekea sharti hilo utajikuta umebuni njia. Na meseji za kazi ziwe kwenye grupu.

Jambo jengine, sijui kama nawe unalo lakini nimeliona sana kwa wanaume waungwana. Mvulana akikosea mnamkosoa hapo hapo kwa ukali, msichana akikosea mnanyamaza mkihofia atalia. Mkosoe. Msemeshe kwa adabu, mahali pa kazi, juu ya kazi, lakini mkosoe, manake kosa ulilolinyamazia atakwenda nalo kwa mgonjwa. Na akilia mpe dakika mbili halafu endeleeni, machozi hayajaua mtu, kuna vijana wa kiume nimewafuta machozi mimi mwenyewe kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

SWALI

Sista mbona siku hizi kila kitu ni wasichana, sisi wavulana tunaosoma nani atatushika mkono?

Intani, Mikindani

JIBU

Mwanangu, uchungu wako nauelewa, intani, ule mwaka wa mazoezi wa daktari mpya, ni kazi ngumu na kuna siku hulali. Lakini soma tena barua ya juu. Mzee yule hakumpa msichana kisu chako, alimpa chake, yeye ndo alorudi nyuma akashika retrakta. Ukimpata mwalimu wa namna hiyo kaa karibu naye, atakupa na wewe. Wanaowafundisha wasichana vizuri, kwa niliyoyaona, wanawafundisha wavulana vizuri pia.

SWALI

Sista hujambo. Binti yangu yuko Fomu Tatu, anataka kuwa daktari wa kupasua mifupa tangu ndugu yake alipogongwa na bodaboda. Mjomba wake anasema mifupa inataka nguvu za mwanamume na akisoma miaka yote hiyo hatapata mume. Mimi sijui nimjibu nini, sikusoma sana.

Mama wa Likoni

JIBU

Sijambo mama, na usiseme hukusoma, umelea mtoto anaejua anachotaka.

Mwambie ndugu yako kwa heshima kwamba nguvu nimeziona mimi, na nimeona wanaume wenye misuli wakashindwa. Nyonga iloteguka hairudi kwa mabavu, inarudi pale mtu wa usingizi ametoa dawa ya kulegeza misuli na anaevuta anajua avute upande gani, asimame wapi, aegemeze uzito wake vipi. Drili ni ya umeme au ya betri. Meza inapanda na kushuka, na kwa mfupi kuna kistuli. Kuna msumari unaitwa SIGN, umetengenezwa na shirika la daktari Lewis Zirkle wa Marekani toka 1999 kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya thieta, unaingia ndani ya mfupa wa paja na tundu zake za skrubu zinatafutwa kwa kipimo cha nje, na kazi yote ile ni ya jicho, subira na vidole. Nimemuona msichana mwenye kilo hamsini akiupiga, mgonjwa wa bodaboda kama mwanao, siku ya pili akasimamishwa na magongo.

Njia ni ndefu sitakudanganya. Bayolojia na kemia azishike sana sasa hivi. Chuo cha udaktari ni miaka sita, halafu mwaka wa intani, halafu kazi kidogo, halafu upasuaji wenyewe miaka mitano hivi. Huu wa mwisho anaweza kuufanya chuo kikuu au kupitia COSECSA, chuo cha wapasuaji cha ukanda wetu chenye makao yake Arusha, ambacho hakina madarasa ya kuta, mwanafunzi anabaki hospitali ilokubaliwa anajifunza hapo hapo, miaka miwili ya mwanzo halafu anaendelea na fani yake. Ndani yake tangu 2015 kuna kundi la wanawake wapasuaji wa Afrika, WiSA, kwa hivo hatakuwa peke yake. Na la mume, mama, barua ya kwanza leo imeandikwa na msichana wa mifupa mwenye mume, na mumewe ndo anaemwambia fanya.

Nimemuuliza huyo rejista wa Tudor kama anaweza kuonana na binti yako, amekubali hata sijamaliza kusema. Tutakutumia namba ya hapa ofisini, mpange Jumamosi asubuhi, vukeni feri mapema kabla ya msongamano, na mwambie aje na daftari, maswali yake ayaandike tangu nyumbani, hata lile analoliona la kijinga.